Ardhi ya Mama, Kalamu ya Mjomba: Hali ya Kijiji cha Waminangkabau

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutajwa kana kwamba mila ni kitu kisicho na mwenyewe, ambacho watu wote wa jamii hukishika kwa mkono mmoja na kufaidika nacho kwa kiwango kimoja. Ukweli ni kwamba kila mila ina anayeibeba, anayenufaika nayo na anayeisemea; na mara nyingi watatu hawa si mtu mmoja. Mahali ambapo jambo hili hudhihirika waziwazi ni katika vijiji vya Waminangkabau, jamii ya Waislamu ambao chimbuko lao ni nyanda za juu za magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia.

Jamii hii hutajwa na wataalamu kuwa ndiyo kubwa zaidi duniani miongoni mwa zile zinazofuata nasaba ya kuukeni. Sensa ya Indonesia ya mwaka wa 2010 ilihesabu Waminangkabau zaidi ya milioni sita. Mtoto wa Kiminangkabau, awe wa kike au wa kiume, huzaliwa katika ukoo wa mamaye. Na nyumba ya ukoo pamoja na mashamba ya mpunga hutoka kwa mama kwenda kwa binti, kizazi baada ya kizazi.

Wanaoitazama jamii hii kutoka nje wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza huiona kuwa pepo ya wanawake. Mwanaanthropolojia Mmarekani Peggy Reeves Sanday, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika kijiji cha Belubus, alishikilia katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 2002 kwamba huu ni utawala wa akina mama, ingawa si kwa maana ya kuupindua tu ubabedume na kumweka mwanamke pale alipokaa mwanamume. Wengi waliomfuata waliisahau tahadhari hiyo, wakabaki na jina. Kambi ya pili huuona mfumo huu kuwa mabaki ya ujahili ambayo Uislamu ungepaswa kuwa umeyafuta zamani. Makala haya yanashikilia kwamba kambi zote mbili zinakosea, na kwamba kosa lao linaficha hatari halisi. Hatari hiyo haitoki msikitini, wala haitokani na usasa kwa jumla. Inatokana na jambo moja dogo: ardhi ni ya wanawake, lakini kalamu inayoitilia sahihi imo mkononi mwa wanaume.

Ili kulifahamu jambo hili, ni sharti kijiji chenyewe kieleweke. Waminangkabau hukiita kijiji nagari, na si kila mkusanyiko wa nyumba unaostahiki jina hilo. Kwa mujibu wa mila, nagari haina budi kuwa na barabara, mahali pa kuogea, ukumbi wa baraza na msikiti. Tena iwe na koo zisizopungua nne. Mashamba ya mpunga yamechongwa kama ngazi kwenye miteremko ya milima kama vile Marapi na Singgalang, na udongo wake umerutubishwa na majivu ya volkano. Maji hushuka kwa mifereji kutoka shamba la juu hadi la chini, hivi kwamba hakuna anayeweza kulima kwa uchoyo bila jirani yake kujua.

Katikati ya haya yote kuna nyumba ya ukoo, rumah gadang, yaani nyumba kubwa. Ni jengo refu la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye paa lililopinda na kuchongoka mfano wa pembe za nyati. Sehemu ya mbele ni ukumbi mmoja usiogawanywa; nyuma yake vimepangwa vyumba, na kila binti aliyeolewa ana chake. Mbele ya nyumba, uani, husimama ghala za mpunga. Nyumba hii haijengwi na mume kwa ajili ya mkewe. Mke humkuta mumewe nje, akamkaribisha ndani.

Mume, basi, ni mgeni. Zamani alifika kwa mkewe jioni na kuondoka alfajiri kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mama yake na dada zake. Waswahili husema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mume wa Kiminangkabau alikuwa mgeni ambaye jembe lake lilibaki kwao. Huko Pariaman, pwani ya Sumatra, familia ya bibi harusi ndiyo inayotoa fedha za kumchukua bwana harusi kutoka kwao, jambo ambalo msomaji aliyezoea mahari kulipwa na upande wa kiume atalistaajabia.

Hata hivyo, mwanamume huyu aliye mgeni kwa mkewe ni mwenyeji penye jambo zito. Kwao yeye ni mjomba. Lugha ya Kiswahili inamrahisishia msomaji kazi hapa, kwa kuwa inalo neno mjomba kwa kaka wa mama na neno mpwa kwa mtoto wa dada. Kwa Waminangkabau maneno mamak na kamanakan si majina ya ujamaa tu bali ni vyeo vyenye wajibu. Mjomba ndiye anayewalea wapwa, anayewasimamia katika ndoa, anayeangalia mali ya ukoo na kuusemea ukoo barazani. Wakuu wa koo, wanaoitwa panghulu, ni wanaume, na cheo hicho hakiendi kwa mtoto wa mkuu bali kwa mpwa wake. Mwanamke ana mali. Kaka yake ana kauli. Huu ndio muundo ambao wanaoisifu pepo ya wanawake huuruka.

Vijana wa kiume nao hawana chumba katika nyumba ya mama. Tangu utotoni walizoea kulala katika surau, nyumba ndogo ya sala ya ukoo, ambako walifundishwa kusoma Kurani, mila na sanaa ya kujihami. Walipokua, walitarajiwa kuondoka kijijini kwenda ughaibuni kutafuta riziki, elimu na hekima. Safari hii, iitwayo marantau, imewafanya Waminangkabau kujulikana kote nchini Indonesia kwa biashara na kwa migahawa ya vyakula vya Padang. Ndiyo iliyowatoa pia watu kama Agus Salim, Tan Malaka, Sutan Sjahrir na Mohammad Hatta, aliyezaliwa Bukittinggi mwaka wa 1902 na kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Indonesia. Waswahili husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao huisema kama onyo. Waminangkabau wameziunganisha shule hizo mbili: mama hufunza kwanza, kisha ulimwengu humalizia. Na kijana huweza kuthubutu kwenda mbali kwa sababu moja, kwamba hata akishindwa, ardhi ya mama ipo na wapwa zake hawatalala njaa.

Je, yote haya yanapatana vipi na Uislamu? Swali hili si geni kwa Waminangkabau wenyewe. Mapema katika karne ya kumi na tisa, mahujaji waliorejea kutoka Makka walianzisha vuguvugu la Wapadri lililotaka kuzisafisha mila kwa upanga. Mgogoro huo uliwapa Waholanzi mwanya wa kuingia. Vita vilivyoanza mwaka wa 1821 vikamalizika mwaka wa 1837 kwa kuanguka kwa ngome ya Bonjol. Baadaye Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa nyanda hizo aliyefikia daraja ya uimamu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti Mtakatifu wa Makka, aliandika kuupinga vikali urithi wa kupitia kwa wapwa.

Jibu lililokubalika hatimaye lilitegemea kutofautisha mali za aina mbili. Kuna mali ya jadi, ambayo hakuna mtu aliye hai aliyeichuma, na kuna mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake. Haji Abdul Karim Amrullah, mwanafunzi wa Ahmad Khatib, aliifananisha mali ya jadi na wakfu: haina mwenyewe wa kuirithisha, ina wanufaika tu, kwa hiyo sheria ya mirathi haiigusi. Katika mkutano wa wanazuoni, wazee wa mila na wasomi uliofanyika Bukittinggi mwaka wa 1952, msimamo huo ulithibitishwa: mali ya jadi ifuate mila, mali ya kuchuma ifuate sheria ya mirathi ya Kiislamu. Kauli yao mashuhuri hushikilia kwamba mila imejengwa juu ya sharia, nayo sharia imejengwa juu ya Kitabu. Mtu anaweza kuujadili ufumbuzi huu, lakini hawezi kusema kwamba ni ujahili wa watu wasioijua dini yao.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulizingatia jambo hili kwa makini. Waislamu wa Ngazidja, walio wa madhehebu ya Shafi kama Waminangkabau na kama Waswahili walio wengi, nao wana ardhi na nyumba za manyahuli zinazorithiwa kwa upande wa wanawake. Wadigo wa pwani ya Kenya walirithishana kupitia kwa mjomba, mpaka kuenea kwa sheria ya Kiislamu na mahakama za kikoloni kulipoyaelekeza maji polepole kwenye mfereji wa baba. Hata msamiati una udugu. Neno la Waminangkabau la mila ni adat, ndugu ya ada yetu. Warithi wao ni warih. Makubaliano ya barazani ni mufakaik, yaani muafaka. Na kinywaji cha majani ya mbuni kinachonywewa milimani huitwa kawa, ambacho husimuliwa kuwa kilibuniwa wakati Waholanzi walipozichukua buni zote. Maneno haya yalisafiri kutoka katika Kiarabu yakatua pande zote mbili za Bahari ya Hindi.

Basi iwapo dini na mila zilikwisha kupatana, tatizo liko wapi? Liko katika maana ya muafaka. Mila ya Waminangkabau haikuruhusu ardhi ya jadi iuzwe. Iliruhusu iwekwe rehani, tena kwa sababu nne tu: maiti imelala ndani ya nyumba na hakuna cha kumzikia, binti amekuwa mtu mzima na hakuna cha kumwozea, nyumba ya ukoo inavuja na haina budi kukarabatiwa, au cheo cha ukoo kimekaa bila mtu na sherehe ya kukisimika inahitaji gharama. Hata kwa sababu hizo, wote wenye haki katika ukoo walipaswa kukubali, wanawake wakiwamo. Rehani nayo ilikuwa na mlango wa kutokea, kwani ardhi iliweza kukombolewa hata na wajukuu. Ukizitazama sababu hizo nne utaona kwamba kila moja inahusu uhai wa ukoo wenyewe. Hakuna hata moja inayohusu faida ya mtu mmoja.

Muafaka huo ulifaa maadamu mjomba aliishi kijijini, alikula kwa dada yake na alizeeka miongoni mwa wapwa zake. Hakuweza kuiweka ardhi rehani kwa siri, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kujificha. Mambo yalibadilika kwa awamu. Waholanzi walihitaji watu wa kukusanya kahawa iliyolimwa kwa shuruti kuanzia mwaka wa 1847, na baadaye kodi ya fedha. Wakawateua wanaume, wakawapa vyeo na malipo. Hivyo mkuu aliyekuwa mjumbe wa ukoo akageuka pia kuwa mtumishi wa serikali. Kodi ilipoanzishwa mwaka wa 1908 yalizuka maasi, na mmoja wa viongozi wake alikuwa mwanamke, Siti Manggopoh. Wanawake hawakukosa ushujaa. Walichokosa ni nafasi katika daftari la mkoloni.

Serikali ya Indonesia huru nayo iliendelea kwa njia yake. Sheria ya serikali za vijiji ya mwaka wa 1979, iliyotekelezwa Sumatra Magharibi mwaka wa 1983, ilizivunja nagari zaidi ya 500 kuwa vijiji vya kiutawala zaidi ya 3,000 vya mtindo mmoja na vya kisiwa cha Java. Koo zikakatwa vipande, na shughuli za mila zikaachiwa baraza la wakuu wanaume. Katika kipindi hicho mashamba makubwa ya michikichi yalienea katika wilaya kama ile ya Pasaman. Wakuu wa koo walitia sahihi kuyaachia makampuni mapori ya nagari, wakiamini kwamba mkataba ukiisha ardhi itarudi kwa ukoo kama irudivyo rehani. Sheria ya nchi haikuwaza hivyo: ardhi iliyotolewa kwa haki ya kilimo cha kibiashara, muda ukiisha, huwa mali ya dola. Neno moja lilikuwa na maana mbili, na aliyeandika hati ndiye aliyejua maana iliyokuwa na nguvu.

Nagari zilirejeshwa kwa sheria ndogo ya jimbo ya mwaka wa 2000, na wanawake wakapewa nafasi ya uwakilishi katika baraza la ushauri la kijiji. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, baraza la mila, ambalo ndilo linaloamua mashauri ya ardhi na vyeo, limebaki kuwa la wakuu wa koo, yaani la wanaume. Na ardhi ya jadi inapoandikishwa, aghalabu hatimiliki hutolewa kwa jina la mjomba aliye msimamizi wa urithi. Alichokuwa nacho kwa dhamana, karatasi inamwonyesha nacho kana kwamba ni chake.

Isitoshe, mjomba wa leo si yule wa jana. Nyumba nyingi za ukoo hazikaliwi tena. Familia zimehamia katika nyumba ndogo za baba, mama na watoto. Mwanamume wa Kiminangkabau aishiye Jakarta au Pekanbaru huwalipia karo watoto wake mwenyewe, huwajengea na kuwaozesha. Hili si kosa; ni malezi mema, na dini inamtaka alitende. Lakini watoto hao si wa ukoo wake. Ni wa ukoo wa mkewe. Kwa hiyo kalamu ya ukoo imo mikononi mwa mtu ambaye mapenzi yake na mahitaji yake yote yako nje ya ukoo. Zamani mjomba aliyeiuza ardhi angewatupa wapwa aliowalea. Leo anayeiuza huenda asijue hata majina yao. Mila iliyomwamini mjomba ilikuwa na busara, lakini ilimwamini mjomba aliyekuwa akilala kijijini.

Wako watakaopinga kwamba hakuna mjomba anayethubutu kutia sahihi bila kuwasikiliza dada zake, na kwamba mwanamke wa Kiminangkabau ana nguvu asizoandikiwa na yeyote. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Bundo kanduang, mama mkuu wa ukoo, husikilizwa, na neno lake jikoni limewahi kubatilisha maneno mengi ya barazani. Lakini benki na msajili wa ardhi hawaingii jikoni. Nguvu isiyoandikwa hufaa mbele ya watu wanaoitambua tu. Mbele ya mgeni mwenye mkataba huwa ni kimya.

Wengine watasema kwamba ardhi isiyouzika huwafunga watu katika umaskini, kwa kuwa haiwezi kutumiwa kupata mkopo. Jawabu ni kwamba mila hii haikuwahi kuikataa fedha. Ilikuwa na rehani, ilikuwa na masharti, na ilikuwa na ughaibuni ambako vijana walichuma mali yao wenyewe na kuitumia wapendavyo. Ilichokikataa ni kizazi kimoja kula chakula cha vizazi vyote.

Haifai pia kuificha dosari ya mfumo wenyewe. Hamka, mwana wa yule yule Haji Abdul Karim Amrullah, aliichora katika riwaya yake ya mwaka wa 1938, *Tenggelamnya Kapal van der Wijck*. Mhusika wake Zainuddin, ambaye baba yake ni Mminangkabau na mama yake ni mgeni, anaonekana kijijini kwa baba yake kuwa mtu asiye na ukoo, na ananyimwa mchumba anayempenda. Mlango unaofunguliwa kwa mama huweza kufungwa kwa mtoto wa baba. Mila hii basi inastahiki kurekebishwa. Lakini kuna tofauti kati ya kuirekebisha nyumba na kuiuzia msingi wake.

Marekebisho yanayohitajika zaidi si makubwa. Hati yoyote inayohusu ardhi ya jadi isiwe halali bila sahihi za wanawake wa ukoo walio watu wazima. Ardhi hiyo iandikishwe kwa jina la ukoo, majina ya wanawake wenye haki yakiorodheshwa, wala si kwa jina la msimamizi peke yake. Na baraza la mila linapokaa kuamua shauri la ardhi, wenye ardhi wawe ndani ya ukumbi. Hakuna hata moja kati ya haya lililo uzushi. Ni kuyaandika tu kwa wino yale ambayo muafaka wa zamani uliyadai kwa mdomo.

Wanaoshughulikia lugha na fasihi ya Kiswahili huzungumza sana juu ya kuhifadhi mila na juu ya kumkomboa mwanamke, mara nyingi kana kwamba mambo haya mawili hayana budi kugombana. Kijiji cha Waminangkabau kinaonyesha kwamba yanaweza kuwa jambo moja. Anayetaka kuilinda mila hiyo hana njia nyingine ila kumkabidhi mwanamke kalamu, na anayetaka kumtetea mwanamke huyo hawezi kuidharau mila iliyomwachia ardhi. Mali bila daftari, Waswahili husema, hupotea bila habari. Mama wa Kiminangkabau anayo mali. Daftari ndilo analodai.